Sura ya Sita: Linachemsha Lini?

Gari likiletwa gerejini kwa kuchemsha, mkono wa fundi mara nyingi huenda kwanza kwenye themostati. Ataing'oa, ataitupa kwenye debe la vyuma chakavu, atafunga nyumba yake kwa silikoni na kumwambia mwenye gari kwamba kidude kile ni cha nchi za baridi. Gari litatoka mshale ukiwa umelala chini, na kila mtu ataridhika mpaka siku litakapopandishwa mlima Kitonga na watu saba na mizigo ya Krismasi. Baada ya hapo itanunuliwa rejeta. Kisha pampu ya maji. Mwishoni huenda ikagundulika kwamba tangu mwanzo tatizo lilikuwa fyuzi ya feni, lakini pesa imeshakwenda na vifaa vya zamani vimeshauzwa kwa kilo.

Sababu za gari kuchemsha zinazidi kumi, na kwenye dashibodi zote zina sura moja: mshale umepanda. Kinachozitenganisha ni wakati. Linachemsha likisimama kwenye foleni na kupoa likianza kwenda? Linachemsha mlimani tu? Dakika tano baada ya kuwashwa asubuhi? Au halina mpangilio, ila kila wiki maji yanapungua? Jibu analo dereva, maana fundi hakuwapo. Mwenye gari anayefika gerejini na jibu hilo amekwisha kuondoa nusu ya washukiwa kabla spana haijashikwa.

Lakini ili jibu hilo limsaidie, lazima ajue joto linatoka wapi na linakwenda wapi. Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, gesi yake hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa kitambo kidogo sana. Aluminiamu, ambayo ndiyo hutengenezewa hedi za magari mengi ya leo, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Injini haiyeyuki kwa sababu joto halipewi nafasi ya kukaa. Kwa hesabu ya jumla, theluthi moja ya nguvu ya mafuta husukuma gari, theluthi hutoka na moshi wa ekzosi, na theluthi inayobaki huchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma ndani ya bloku, yakapanda kwenye hedi, yakatoka kwa hosipaipu ya juu hadi kwenye rejeta. Humo hupita katika vijia vyembamba, upepo ukayapoza, yakarudi kwa hosipaipu ya chini. Kila kifaa kwenye mzunguko huo kinafanya kazi moja kati ya mbili: kuyatembeza maji au kuyapoza.

Kipo kimoja tu ambacho hakifanyi hata moja kati ya hizo, na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Ni kifuniko cha rejeta. Wengi wanadhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake hasa ni kushika presha. Namba iliyoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1 kwa magari ya Japani, ni kipimo cha presha inayoachwa ijengeke ndani kabla springi haijaachia, na presha hiyo inakaribia ile ya anga yenyewe. Maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100. Hungoja hadi karibu 118. Ukitia kulanti nusu kwa nusu na maji, hungoja zaidi ya 125.

Sasa chukua kifuniko ambacho raba yake imekauka na kupasuka. Dar es Salaam maji yatachemka kwenye nyuzi 100. Iringa, juu ya mita 1,500, yatachemka kwenye 95 hivi. Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret ambako mwinuko unapita mita 2,700, yatachemka kwenye 91, joto ambalo kwa injini nzima ni la kawaida kabisa. Gari litatokota bila kosa lolote la injini, kwa sababu tu limepelekwa juu na kifuniko kibovu. Ndiyo maana huwa naudhika kuona rejeta mpya imefungwa kifuniko cha zamani. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote katika mfumo huu, na haina ubishi: ikichakaa, nunua yenye namba ileile.

Turudi kwenye wakati. Gari linalochemsha kwenye foleni tu, kisha mshale ukashuka barabara ikifunguka, linakushitakia feni. Likikimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, upepo wa njiani unatosha kuipoza rejeta. Likisimama, upepo wote unatoka kwenye feni. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama. Kwenye magari mengi ya petroli feni inapaswa kuanza kuzunguka papo hapo. Isipozunguka, angalia fyuzi, halafu badilisha rilei yake na nyingine inayofanana nayo ndani ya boksi lilelile uone kama itaamka. Mota ya feni inayoamka ukiigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi imekwisha kaboni zake.

Feni inayozunguka nayo isiaminiwe haraka. Magari mengi yaliyopita kwa mafundi umeme wa mitaani yameunganishiwa feni moja kwa moja, na nimeona feni iliyogeuziwa nyaya ikapuliza upepo kuelekea mbele, ikishindana na upepo wa njiani. Shika karatasi mbele ya rejeta: inapaswa kuvutwa ndani. Halafu angalia kava la plastiki linaloizunguka feni. Gari likishagongwa mbele, kava hilo mara nyingi halirudishwi, eti ni pambo. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni iliyo rahisi na kuacha ile ya kupita kwenye rejeta, hasa kwenye kona zake.

Land Cruiser, Hilux na Hiace nyingi zina feni ya mtindo mwingine, inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Injini ikiwa imezimwa, izungushe kwa mkono. Ikijiendea mizunguko mingi bila kizuizi, silikoni imevuja. Ikiwa nzima utaisikia inavyonguruma injini inapopata moto.

Gari linalotulia mjini na kuchemsha mlimani lina hadithi tofauti. Kitonga ni mtihani mzuri wa jambo hili kwa sababu ya mahali ilipo: unatoka bondeni Ruaha Mbuyuni, penye joto na mibuyu, na bila muda wa kupumua unaanza kupanda kuelekea Ilula kwa gia ndogo, nyuma ya malori. Injini inafanya kazi kubwa, gari linakwenda polepole, upepo wa njiani ni mdogo. Hapa feni peke yake haitoshi kukuokoa kama rejeta imepoteza sehemu ya uwezo wake, hata kama ni robo tu, robo ambayo mjini hukuihitaji na kwa hiyo hukujua kwamba haipo.

Rejeta hupoteza uwezo kwa nje au kwa ndani. Kwa nje ni vumbi, wadudu na mbegu za nyasi zinazojaa katikati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo ukichungulia kwa mbele hupaoni. Zioshe kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari ikielekezwa karibu hulaza mapezi yote, na ukishayalaza umeziba kwa chuma mahali palipokuwa pamezibwa na udongo.

Kwa ndani ni chumvi na kutu. Injini ikishapata moto, izime, toa ufunguo kabisa (feni ya umeme inaweza kujiwasha yenyewe na kukukata vidole), kisha pitisha kiganja taratibu juu ya uso wa rejeta. Mahali palipo baridi katikati ya joto ni vijia vilivyoziba. Kipimajoto cha miale kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi, ila si kile cha kupimia watu homa wakati wa Korona, ambacho huishia nyuzi arobaini na kitu. Rejeta za zamani za shaba zilifunguliwa juu, zikapitishwa waya na kuchomelewa tena, na bado wapo wazee wanaoijua kazi hiyo. Hizi za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki, nyingi zikiziba ndiyo basi. Ukinunua nyingine ipime unene kabla ya kulipa, kwa maana zipo zinazoingia kwenye nafasi ileile zikiwa na milimita 16 badala ya 26, na tofauti hiyo utaikuta mlimani.

Mshukiwa mwingine wa mlimani ni hosipaipu ya chini. Hiyo iko upande ambao pampu inavuta, na ikishalegea hunyonywa ikabanana injini inapoongezwa mzunguko. Mwombe mtu akanyage mafuta huku wewe unaitazama. Pampu yenyewe hujitangaza: chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo, na maji yakichuruzika hapo sili imekwisha. Tatizo ni pampu ambayo haivuji ila mapanga yake yameliwa na kutu, inazunguka bila kusukuma kitu. Hiyo hutaijua mpaka uifungue.

Kuhusu linalochemsha dakika tano baada ya kuwashwa, usiende mbali. Kama mshale uko juu na hosipaipu ya juu ni baridi, themostati imegoma kufunguka, au maji ni machache kiasi kwamba hayafiki. Kama hosipaipu hiyo imekuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja ya kuwasha injini baridi, presha hiyo haikutokana na joto, maana joto lenyewe bado halijaja. Imetoka ndani ya silinda, na hapo tunazungumzia gasketi ya hedi, nitakayoifikia.

Kabla ya hapo, onyo kuhusu mshale wenyewe. Watengenezaji wengi wameutuliza kwa makusudi ili usiwatie madereva wasiwasi: kuanzia nyuzi 75 hivi hadi 105 unakaa palepale katikati. Ukianza kupanda, mambo yameshaharibika muda. Vitz na Passo nyingi hazina mshale kabisa, zina taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya moto, na katikati ya taa hizo hakuna habari yoyote. Tena kuna ulaghai mmoja uliokwisha kuua injini nyingi. Maji yakiisha kabisa, sensa hubaki hewani, na mshale uliokuwa juu hushuka ghafla. Dereva hushukuru Mungu na kuendelea. Hita ikitoa hewa baridi wakati injini ina moto, jua maji hayapo, hata mshale useme nini. Kwa magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea, kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani hutuma kwenye simu joto halisi la maji kwa namba. Kati ya 82 na 98 ni kawaida. Zaidi ya 105 tafuta pa kusimama. Ukiona 115, ulipaswa kuwa umeshazima.

Sasa themostati. Ndani yake kuna kikopo cha nta iliyochanganywa na unga wa shaba, uvumbuzi wa Sergius Vernet wa Marekani katika miaka ya 1930. Nta ikiyeyuka hutanuka na kusukuma vali ifunguke. Nyingi za Toyota huanza kufunguka karibu na nyuzi 82, na ikifika 95 vali inapaswa kuwa imenyanyuka milimita 8 au zaidi. Huna haja ya kubahatisha: itie kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, washa jiko, uiangalie. Isipofunguka, au ikifunguka kwenye 95 badala ya 82, nunua nyingine. Ukiifunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kielekee juu, kwa sababu hewa hutokea hapo.

Hoja ya nchi za baridi haina mguu wa kusimamia. Gari lililouzwa jipya Muscat au Dubai, ambako kiangazi hupita nyuzi 45, limekuja na themostati. Injini imepimwa ifanye kazi karibu na nyuzi 90. Ikibaki kwenye 65, kompyuta yake huhesabu kwamba bado haijapata moto na kuendelea kuongeza mafuta; unalipia petroli ya ziada kila siku, na oili haipati joto la kutosha kuufukuza unyevu wake, ikageuka tope.

Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba kwenye injini nyingi themostati ina milango miwili. Wa juu unaruhusu maji kwenda au kutoka kwenye rejeta. Wa chini unafungua njia ya mkato inayoyazungusha maji ndani ya injini yenyewe wakati bado ni baridi. Nta ikitanuka, mlango wa kwanza unafunguka na wa pili unajifunga. Fundi akiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji yanayochemka inarudi injini bila kuiona rejeta. Ukienda tambarare hutajua. Ukiipa injini mzigo, lile gari lililoondolewa themostati ili lisichemshe litachemsha kwa sababu limeondolewa themostati.

Maji yenyewe yanastahili neno. Maji ya kisima ya Dar, Mombasa au Dodoma yenye chumvi hujenga ukoko ndani ya bloku na kula aluminiamu. Kulanti halisi ina dawa za kuzuia kutu, ndiyo faida yake kubwa kwetu sisi tusiojua barafu ya barabarani. Rangi si kipimo: ile ya waridi ya Toyota imetengenezwa ikae hadi kilomita 160,000 kwa mara ya kwanza, lakini chupa ya waridi ya dukani inaweza kuwa maji yenye rangi na hakuna jicho litakalojua. Nunua mahali unapoweza kurudi kulalamika. Aina mbili tofauti usizichanganye, na usiiache karibu na watoto au mbwa, kwani glaikoli iliyomo ni tamu na ni sumu. Wapo wanaotia manjano au yai bichi kwenye rejeta inayovuja. Uvujaji huzibika kweli, na vijia vyembamba navyo huzibika.

Ukiwa barabarani na joto linapanda, zima kiyoyozi, fungua madirisha na uwashe hita kwa nguvu zote. Abiria watakulaani, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Simama mahali salama. Kama mvuke unatoka au maji yamemwagika, zima injini mara moja; kama maji yapo na tatizo ni foleni tu, unaweza kuiacha ikiunguruma huku umefungua boneti. Kifuniko usikiguse. Maji yaliyo kwenye nyuzi 110 chini ya presha, ukifungua, hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na anayefungua huwa ameinamia. Subiri mpaka hosipaipu ya juu ibonyee kwa vidole, weka kitambaa kinene, zungusha hadi kituo cha kwanza tu, presha itoke, ndipo umalizie. Na msamaria atakayekuja na ndoo ya maji ya mtoni mshukuru na umwombe asubiri. Maji baridi kwenye hedi yenye moto huipasua.

Aliyechelewa kusimama huipinda. Hedi ya aluminiamu hutanuka kuliko bloku ya chuma iliyofungwa nayo, na ikizidiwa hairudi ilivyokuwa. Watengenezaji wengi hawakubali upindaji unaozidi milimita 0.05 hadi 0.1, kiasi ambacho jicho halikioni. Hupimwa kwa rula iliyonyooka na vibati vya kupimia nafasi. Ukitaka kujua kabla ya kufungua kama gasketi ya hedi imeachia, kuna dawa ya bluu inayowekwa juu ya shingo ya rejeta: gesi ya silinda ikipita humo hugeuka njano. Ishara nyingine ni mapovu yasiyoisha, moshi mweupe mzito usiokoma injini ikiwa na moto, na ile hali ambayo mafundi husema oili imekuwa maziwa.

Hedi ikipelekwa kuchongwa, dai ipimwe nyufa pia, na uulize bolti zake. Nyingi za kisasa hukazwa hadi zinyooke kidogo na hazitumiki mara mbili. Hukazwa kwa mpangilio na kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda nje. Fundi anayekaza kwa kuhisi mkono atakurudisha kwake.

Kabla hajafunga, mwulize kilichosababisha kuchemsha mara ya kwanza, maana gasketi mpya juu ya feni mbovu itaungua vilevile. Baada ya kufunga, hewa lazima itoke. Gari lielekezwe pua mlimani, hita iwe wazi, kifuniko kiwe nje, maji yaingizwe taratibu huku hosipaipu zikiminywa, injini iachwe mpaka feni ijiwashe na kujizima mara mbili na mapovu yakome. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, angalia chupa ya akiba, weka alama kwa kalamu, na uangalie tena kila asubuhi kwa wiki nzima. Kiwango kikishuka kidogo siku ya kwanza ni hewa iliyobaki. Kikiendelea kushuka huku chini ya gari pakavu, usisafiri. Rudi kwa aliyeifunga hedi na risiti yake mkononi.